Buti ya mbele inayojifungua yenyewe: historia ya ndoano mbili

Najua nimekuwa kimya. Kazi ya kuandika programu ina tabia ya kummeza mtu mzimamzima, kisha kumtema wiki tatu baadaye akiwa na ndevu na macho mekundu. Leo nimerudi na kisa cha gari, lakini msinikimbie. Ndani yake kuna historia, kuna programu, na kuna jambo linaloweza kumwokoa mtu barabarani.

Jamaa yangu mmoja hapa Suna alinunua gari la michezo la mtumba. Jina la gari nitaliacha, maana sina ugomvi na aliyelitengeneza. Ni lile la aina ya injini kukaa nyuma ya dereva, kwa hiyo mahali ambapo Probox ina injini, hili lina buti. Asubuhi moja jamaa akaamka akakuta buti hiyo ya mbele iko wazi, mfuniko umesimama wima kama mdomo wa kiboko. Akadhani ni wezi. Akaangalia: gurudumu la akiba lipo, jeki ipo, hata kifuko cha sukari alichosahau kipo. Akafunga. Baada ya siku mbili, tena. Mara ya tatu majirani wakaanza kutoa maelezo ambayo siwezi kuyaandika hapa, mnayafahamu wenyewe. Ndipo akanipigia simu.

"Omera, wewe ni mtu wa kompyuta. Hili gari limejaa kompyuta. Njoo ulitazame, maana Jumamosi naenda Kisumu na mama watoto."

Nilipofika nikamkuta fundi mmoja mzee amekwisha kuinama juu ya ile buti, tochi mdomoni. Nikamsalimu, nikasema kwa kujiamini kwamba tatizo ni la umeme, kuna kitu kinatuma amri ya kufungua. Mzee akatoa tochi mdomoni, akanitazama kwa huruma.

"Kijana, mimi sijauliza nani ameufungua. Nauliza kwa nini umefunguka wote."

Sikumwelewa. Nikacheka cheka tu. Lakini swali hilo lilinifuata hadi nyumbani, nikakaa usiku kucha nikisoma. Niliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza, kwa nini buti iwe mbele?

Gari la injini ya nyuma lililojulikana kuliko yote katika nchi zetu ni Volkswagen Beetle, lile lenye umbo la kobe. Lilibuniwa na Ferdinand Porsche katika miaka ya 1930, na baada ya vita kiwanda cha Wolfsburg kikaanza kulitoa kwa ajili ya raia mwishoni mwa 1945, chini ya usimamizi wa jeshi la Uingereza. La mwisho kabisa lilitoka Puebla, Mexico, mwezi Julai 2003. Jumla yalikuwa zaidi ya milioni 21. Injini nyuma, mzigo mbele. Na huko mbele hapakuwa na mzigo tu, palikuwa pia na gurudumu la akiba na tangi la mafuta. Katika Beetle za zamani, ukifika kituo cha petroli unafungua mfuniko wa mbele ndipo ujaze. Ilikuwa mpaka modeli za 1968 ndipo mdomo wa tangi ukahamishiwa nje, ubavuni mwa gari.

Hebu fikirieni maana yake. Boneti ya gari la kawaida hufunguliwa mara chache, mtu anapotazama oili na maji. Mfuniko wa Beetle ulifunguliwa kila mara gari lilipokunywa. Loki yake ilifanya kazi mara nyingi mno, tena katika vumbi.

Sasa jambo la pili, ambalo ndilo moyo wa habari yote. Mfuniko wa mbele una bawaba zake upande wa kioo cha dereva, na unafungukia puani. Buti ya nyuma ikifunguka ukiwa safarini, utaaibika, labda utapoteza mkungu wa ndizi. Mfuniko wa mbele ukiachia, upepo unaingia chini yake, unaunyanyua kwa nguvu na kuubamiza kwenye kioo. Dereva haoni kitu. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa gari linakwenda zaidi ya mita 22 kila sekunde. Hesabu mwenyewe sekunde tatu za upofu kwenye barabara ya Migori kwenda Kisii, trekta la miwa liko mbele yako na bodaboda iko ubavuni.

Wapo watengenezaji waliolikwepa tatizo hili kabisa kwa kuweka bawaba puani, ili upepo ukija uukandamize mfuniko badala ya kuuinua. Jaguar E-Type lilikuwa hivyo, na BMW 2002 pia. Ni ufumbuzi mzuri sana. Unalifanya umbile lenyewe likatae kosa, huhitaji hata kuandika sheria. Sisi watu wa programu tunapenda sana kazi ya namna hiyo, ingawa hatuifanyi mara nyingi.

Wengine wengi waliweka ndoano mbili. Ya kwanza ni loki yenyewe, inayovuta mfuniko chini na kuukaza. Ukivuta kishikio kilicho ndani ya gari, kebo inaiachia, na mfuniko unanyanyuka kidogo tu, vidole viwili hivi, kisha unakwama. Umekwama kwenye ndoano ya pili. Hiyo haifunguliwi na kebo. Ni lazima ushuke, uende mbele, uingize vidole na kuisukuma kwa mkono wako mwenyewe. Kila aliyewahi kufungua boneti ya Probox anaijua, na mara nyingi ameilaani gizani akiitafuta.

Ndoano hiyo si usumbufu. Imewekwa makusudi kwa ajili ya siku ambayo ya kwanza itakosa kazi.

Safari Rally, au maabara ya vumbi

Mahali ambapo mifuniko ya mbele ilipewa mtihani mkali ni hapa hapa kwetu. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano yaliyoitwa East African Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka huo hakutangazwa mshindi mmoja wa jumla, maana magari yaligawanywa kwa bei zake, lakini aliyefanya makosa machache kuliko wote alikuwa Alan Dix katika Volkswagen. Mwaka uliofuata, 1954, Vic Preston na D. P. Marwaha wakashinda, wakiwa na Volkswagen. Mwaka 1957 Gus Hofmann na Arthur Burton, Volkswagen. Mwaka 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider, Volkswagen tena.

Gari dogo la bei ya chini, buti mbele, likayapita magari makubwa. Injini yake ilipozwa kwa hewa, hakukuwa na rejeta ya kutoboka, na uzito wa injini ulikuwa juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo lilipanda matope vizuri.

Baadaye ikaja jamaa yake ya kifahari, Porsche 911, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963. Hii ndiyo gari la michezo lenye buti ya mbele ambalo dunia nzima inalifahamu. Katika Safari yetu ilikuwa na bahati mbaya ya ajabu. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada alishika nafasi ya pili. Mwaka 1974 Björn Waldegård alishika nafasi ya pili, nyuma ya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyekuwa na Mitsubishi Lancer. Mwaka 1978 Porsche walileta 911 SC zilizoinuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini, na Vic Preston Junior, mwana wa yule wa 1954, pamoja na John Lyall wakashika nafasi ya pili. Ya pili, ya pili, ya pili. Ilibidi kungoja mashindano ya magari ya zamani, yaliyoanza 2003, ndipo Waldegård akashinda na 911 mwaka 2011, mwanawe Mathias akiwa amekaa kando yake kama msomaji wa ramani.

Kwa nini nawaeleza haya? Kwa sababu ukitazama picha za magari ya mashindano utaona jambo. Madereva wale hawakuiamini loki. Juu ya mifuniko kuna mikanda au pini za chuma zinazoonekana kwa nje. Mtu anayekimbia barabara ya mawe kwa siku kadhaa anajua kwamba mtikisiko hulegeza kila kitu: skrubu, springi, bawaba. Vumbi huingia kwenye girisi ikawa kama msasa. Kwa hiyo anaongeza kitu cha tatu ambacho macho yake yanakiona. Na yule dereva wa matatu kuukuu anayefunga boneti yake kwa mpira wa tyubu, tunayemcheka pale stendi ya Migori, anafanya hesabu ile ile ya mabingwa. Kosa lake ni moja tu, kwamba ameuacha mpira uwe ndio loki badala ya kutengeneza loki kwanza.

Sheria inaingia

Marekani waliliweka jambo hili katika sheria. Kuanzia Januari 1969, kanuni yao ya usalama wa magari namba 113 ilidai kwamba mfuniko wowote wa mbele unaofungukia puani na unaoweza kumziba dereva macho lazima uwe na hatua ya pili ya loki au loki ya pili. Magari ya mtumba tunayoyanunua leo kwa kawaida yana ndoano hiyo hata kama hayajawahi kukanyaga Marekani.

Lakini sheria nyingine ilikuja baadaye ikitazama upande wa pili. Mwaka 1998, katika muda wa wiki chache tu, watoto 11 walikufa Marekani katika visa vitatu vya kujifungia ndani ya buti za magari. Walikuwa wakicheza, buti ikajifunga, joto likawaua. Baada ya hapo ikawekwa kanuni namba 401: kuanzia Septemba 2001, magari mapya ya abiria yenye buti yawe na kitu ndani ya buti cha kumwezesha mtu aliyefungiwa kujifungulia.

Sasa tafadhali simameni hapa kidogo. Kanuni ya kwanza inasema mfuniko usifunguke. Kanuni ya pili inasema mfuniko ufunguke. Katika buti ya nyuma hakuna ugomvi. Lakini katika buti ya mbele zinagongana: mtoto aliye ndani akivuta kishikio gari likiwa mwendoni, mfuniko ukifunguka wote utampofusha dereva na kuwaua wote. Wafanye nini?

Walichoandika kingeweza kuandikwa na mwandishi wa programu. Gari likiwa limesimama, kishikio cha ndani kiachie ndoano zote mbili; likienda mbele chini ya kilomita 5 kwa saa, kiachie ya kwanza, na ya pili kinaruhusiwa kuiachia pia. Likienda kasi hiyo au zaidi, kiachie ile ya kwanza tu, ya pili ibaki imeshika. Mimi nilipoisoma nilicheka peke yangu usiku wa manane. Ni sharti, ikiwa hivi fanya hivi, vinginevyo fanya vile. Sheria ya nchi imekuwa mistari minne ya programu. Na swali lililo chini yake ni lile lile tunalopaswa kujiuliza kwa kila tunachotengeneza: hiki kitu kikiharibika, au kikiamriwa vibaya, kiangukie upande gani?

Umeme unachukua nafasi ya kebo

Kebo ilikuwa na tabia njema moja. Ikikatika, mfuniko unabaki umefungwa. Utalia, utatafuta fundi wa kupitisha waya kwenye tundu la taa, lakini utalia ukiwa hai. Kebo pia haijui kuota ndoto. Haivuti mpaka mtu avute.

Karne ilipogeuka, magari ya michezo yakaanza kufungua buti kwa mota ndogo ya umeme na kitufe. Hapo mikasa mipya ikazaliwa. Katika Porsche 911 na Boxster za wakati huo betri yenyewe ilikaa mbele, chini ya mfuniko. Betri ikifa, mfuniko unaofunguliwa kwa umeme haufunguki, na betri ya kubadilisha iko chini ya mfuniko huo huo! Waliona tatizo, wakaweka sehemu ya kuvuta kwenye sanduku la fyuzi karibu na miguu ya dereva, ambapo unaweza kuunganisha betri nyingine kwa dakika moja, ukapata umeme wa kutosha kuachia loki. Asiyelijua hilo huvunja.

Mkasa wa upande mwingine ni wa maji. Boxster za kwanza zilikuwa na kisanduku cha umeme wa kengele na loki chini ya kiti, mahali pa chini kabisa pa sakafu. Mifereji ya paa la turubai ikiziba, maji ya mvua yanashuka ndani na kukaa pale. Kisanduku kilicholowa huanza kutenda mambo kwa hiari yake. Kwa nchi za mvua kama zetu, kandokando ya ziwa, hili ni la kukumbuka: gari likianza kuwa na mashetani baada ya mvua, inua zulia kwanza, ndipo umwite mganga.

Tazameni tofauti iliyoingia. Zamani swali lilikuwa moja: loki inashika au haishiki? Sasa yamekuwa mawili. La kwanza, loki inashika? La pili, nani ameiamuru iachie? Na anayeweza kuamuru si mmoja tena. Kuna kitufe cha ndani, kuna rimoti mfukoni, kuna kompyuta ya gari, kuna waya uliochubuka.

Programu inashika usukani

Mwaka 2020 Chevrolet Corvette ya kizazi cha nane ilianza kutoka kiwandani Bowling Green, Kentucky. Kwa mara ya kwanza injini ya gari hilo ilihamia nyuma ya dereva, na kwa hiyo likapata buti ya mbele. Haikuchukua muda wenye magari wakaanza kuonyesha picha za mifuniko iliyopinda na vioo vilivyopasuka, buti imefunguka wakiwa barabarani. General Motors waliyaita magari hayo mwaka huo huo kwa marekebisho, na marekebisho yalikuwa ya programu, yakatumwa hewani. Mfuniko ukawa mgumu zaidi kufunguliwa kwa bahati mbaya, maonyo yakawa makali zaidi, na gari likazuiwa lisizidi takriban kilomita 42 kwa saa mfuniko ukiwa haujafungwa. Gari lile lile liliitwa tena mwaka huo kwa tatizo la upande wa pili: kompyuta yake ikienda kulala kuokoa betri, kitufe cha kumwokoa aliyefungiwa ndani ya buti kingeweza kukosa kufanya kazi. Mnaona? Kanuni zote mbili, 113 na 401, zimegonga mlango wa gari moja katika mwaka mmoja.

Kisha Tesla. Mwishoni mwa Desemba 2021 waliita Model S zaidi ya 119,000 nchini Marekani kwa sababu loki ya buti ya mbele iliweza kuwa haikulingana sawasawa, hivyo ndoano ya pili isishike. Hapa hakuna programu iliyosaidia. Gari lipelekwe kwa fundi, chuma kisogezwe mahali pake.

Julai 2024 wakaita tena, safari hii magari zaidi ya milioni 1.8. Swichi ndogo ndani ya loki iliweza kupinda, gari likaamini kwamba mfuniko umefungwa wakati uko wazi, na dereva asiambiwe lolote. Hili lilirekebishwa kwa programu iliyotumwa hewani, bila mtu kushika spana.

Mikasa hii miwili ya kampuni moja inaeleza kila kitu. Programu inaweza kujua, inaweza kuonya, inaweza kukataa amri ya kijinga, inaweza kupunguza mwendo. Haiwezi kushika mfuniko. Kushika ni kazi ya chuma.

Tunarudi Suna

Asubuhi nilimrudia yule mzee. Nikamwambia, "Mzee, sasa nimelielewa swali lako." Gari lilikuwa limesimama uwanjani, hakuna upepo, hakuna mwendo. Hata kama kuna amri iliyotumwa usiku, ingeachia ndoano ya kwanza tu. Mfuniko ungenyanyuka vidole viwili na kukwama. Sisi tuliukuta umesimama wima. Kwa hiyo kulikuwa na makosa mawili, wala si moja, na mimi nilikuwa nimelikimbilia lile dogo.

Mzee hakusema kitu. Alifungua buti kwa kitufe, na badala ya kukwama, mfuniko ukapanda juu moja kwa moja, ukisukumwa na zile bomba za gesi. Akamulika ndoano ya pili. Ilikuwa imelala pembeni, imegandishwa na girisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi jekundu. Springi yake haikuweza kuirudisha. Akaisafisha kwa petroli na brashi, akaikausha, akapaka girisi mpya kidogo. Tukafunga, tukafungua. Tak. Imekwama vidole viwili. Akatabasamu.

Sasa zamu yangu. Nilitumia mbinu tunayoitumia kutafuta kosa katika programu ndefu: gawanya njia katikati, uone kosa limebaki upande gani. Usiku wa kwanza tulitoa fyuzi ya loki ya buti. Asubuhi, mfuniko umefungwa. Basi chuma hakiachii chenyewe, kuna amri inayokuja. Usiku wa pili tulirudisha fyuzi, tukatoa betri ya rimoti. Asubuhi, umefungwa. Usiku wa tatu tulirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, na huu ndio usiku ambao watu wengi huuruka. Asubuhi mfuniko ulikuwa umenyanyuka vidole viwili, na umekwama kwenye ndoano ya mzee.

Rimoti! Jamaa hulala nayo chini ya mto, chumba chake kiko ukutani pale pale gari linapoegeshwa. Mpira wa kitufe cha buti ulikuwa umepasuka na kuzama, kila akijigeuza usingizini anabonyeza. Gari halikuwa na shetani. Lilikuwa linamtii mwenyewe.

Alibadilisha ganda la rimoti. Safari ya Kisumu ikaahirishwa kwa wiki moja, mama watoto akanuna, lakini mimi sikuona hasara. Kwa ndoano ile ilivyokuwa, loki ya kwanza ingeachia mahali popote kati ya Rongo na Kisii, hakuna kitu kingine ambacho kingeushika ule mfuniko.

Kwa hiyo, kama una gari lenye buti ya mbele, au gari lolote lenye boneti, nakuachia haya:

1. Achia loki ya kwanza, usiguse ndoano ya pili, kisha jaribu kuinua mfuniko kwa mkono. Lazima ukatae. Ukikubali, usiendeshe gari hilo barabara kuu mpaka litengenezwe.

2. Tazama limefunguka kiasi gani. Vidole viwili ni kosa moja. Wazi kabisa ni makosa mawili.

3. Linajifungua likiwa limesimama? Tafuta anayetoa amri: rimoti, kitufe, maji chini ya zulia. Linajifungua kwenye matuta? Tafuta chuma: loki chafu, springi iliyolegea, mfuniko uliokaa upande baada ya kugongwa.

4. Kabla ya kutoa fyuzi au betri, jua kwanza njia ya dharura ya kufungua buti. Usije ukamfungia fundi kazi.

5. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha rudisha uone kosa linarudi. Kosa lililoondoka bila kueleweka litarudi siku ya safari.

6. Taa ya onyo isipowaka, usiseme basi kumefungwa. Waliouziwa magari milioni 1.8 walidhani hivyo hivyo. Bonyeza mfuniko kwa kiganja kabla hujaondoka.

Wenzangu mnaoandika programu, nami nina deni langu. Wiki ile ile nilikuwa nimeandika mfumo wa malipo wenye ukaguzi mmoja tu mlangoni, nikajiambia unatosha. Nimerudi nikaongeza wa pili, usiotegemea ule wa kwanza. Nimeuita ndoano ya mzee. Wenzangu kazini wananiuliza jina hilo limetoka wapi, nami nawaambia ni habari ndefu.

Haya, kwa leo yatosha. Nendeni mkaguse boneti zenu. Tukijaliwa, tutaonana tena.